Namna ya kuisoma sheria ya ardhi ukiwa mwaka wa kwanza

Mwanafunzi mpya wa sheria akipewa swali la ardhi hukimbilia kumtafuta mwenye mali. Huyu kauza, yule kanunua, basi shamba ni la nani? Hapo ndipo wengi wanapoanza kupotea, kwa sababu sheria ya Tanzania Bara hailijibu swali hilo kama lilivyoulizwa. Kifungu cha 4(1) cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinasema ardhi yote ni ya umma, na Rais anaishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Mwenye hati hakupewa udongo. Alichonacho ni haki ya kuikalia ardhi na kuitumia, mara nyingi kwa muda uliotajwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Mwenzake anaweza kuwa na haki nyingine juu ya ardhi hiyohiyo, na benki ikawa na ya tatu.

Kwa hiyo zoea kuuliza maswali manne, kwa mpangilio huu, kila unaposhika kesi, kifungu au swali la mtihani. Ardhi hii iko kundi gani? Haki inayodaiwa ni ya aina gani? Ilipatikanaje, na tarehe gani? Nani mwingine ana haki juu yake? Ukiruka swali la kwanza ukaanza na la nne, utaandika kurasa tatu za Sheria ya Ardhi kumbe shamba liko kijijini na linatawaliwa na sheria nyingine.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Maelezo ya mwalimu hayatoshi. Tafuta nakala za sheria zenyewe: Sheria ya Ardhi (Sura ya 113), Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Sura ya 114), Sheria ya Usajili wa Ardhi (Sura ya 334), Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi (Sura ya 216), Sheria ya Ndoa (Sura ya 29) na Sheria ya Ukomo (Sura ya 89). Weka na Katiba pembeni, ibara ya 13 na ya 24. Za kuchapisha kwenye karatasi ni mbili tu, Sura ya 113 na ya 114, kwa sababu utazichorachora mwaka mzima. Zilizobaki zisome kwenye simu au kompyuta. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Hukumu yenye alama TZCA ni ya Mahakama ya Rufani, yenye TZHC ni ya Mahakama Kuu. Za zamani utaziona zimenukuliwa TLR, yaani ripoti za hukumu za Tanzania, pamoja na mwaka na ukurasa.

Angalia toleo la sheria unayoisoma. Namba za vifungu zinazotajwa hapa ni za Toleo la 2019 la sheria za nchi. Liko pia Toleo la 2023, na toleo jipya linaweza kuzisogeza namba. Mwanafunzi anayenakili namba kutoka kwenye maelezo ya kaka yake wa mwaka wa tatu bila kuifungua sheria atanukuu kifungu kisichohusika, na msahihishaji atajua mara moja kwamba hakukisoma. Kwenye kila daftari andika juu kabisa unatumia toleo gani.

Jambo la tatu ni orodha ya maneno. Vyuoni somo hili linafundishwa kwa Kiingereza, lakini atakayekuja ofisini kwako kesho atazungumza habari za ofa, hati, kiwanja, bikoni, fidia, rehani, mirathi na karatasi ya serikali ya mtaa. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa penye sababu. Chora safu tatu: neno la kitabuni, neno la Kiswahili, na kifungu kinachoeleza maana yake. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. Ofa, kwa mfano, ni barua ya toleo, yaani ya kumtolea mtu kiwanja, na kuwa na ofa si sawa na kuwa na hatimiliki iliyosajiliwa. Leseni ya makazi nayo ni kitu kingine, iko kifungu cha 23 cha Sura ya 113, na muda wake ni mfupi. Mtaani vyote vitatu huitwa "karatasi za kiwanja".

Swali la kwanza: ardhi ya kundi gani

Kifungu cha 4(4) cha Sura ya 113 kinaigawa ardhi ya umma katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Ukiukariri mgawanyo huu peke yake haukusaidii. Soma tafsiri ya "ardhi ya jumla" kwenye Sura ya 113, halafu fungua Sura ya 114 usome tafsiri ya maneno hayohayo. Ziweke sambamba. Ya kwanza inasema ni ardhi yote ya umma isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, kisha inaongeza kwamba inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ya pili haina nyongeza hiyo. Sheria zote mbili zilipitishwa 1999 na zilianza kutumika siku moja, tarehe 1 Mei 2001.

Usiyapite haraka maneno hayo machache. Chukua eneo la malisho ambalo wafugaji hulitumia miezi michache kwa mwaka. Kwa tafsiri ya Sura ya 113 mtu anaweza kudai kwamba halitumiki, kwa hiyo ni ardhi ya jumla, na Kamishna wa Ardhi anaweza kumgawia mwekezaji. Kijiji kitajibu kwa kifungu cha 7 cha Sura ya 114, ambacho katika kueleza ardhi ya kijiji kinataja hata ardhi iliyopumzishwa, malisho na mapito ya mifugo. Mwekezaji naye atashika kifungu cha 181 cha Sura ya 113, kinachosema sheria hiyo inatawala pale sheria nyingine za ardhi zinapopingana nayo. Hoja zote hizo zinatoka kwenye maandishi ya sheria, bila kesi hata moja. Ukifanya zoezi hili wiki ya kwanza, ukaandika hoja za kila upande kwa aya moja, utakuwa umejifunza kusoma sheria kuliko kwa kukariri vifungu ishirini.

Palepale kwenye tafsiri, soma neno "ardhi" lenyewe. Linabeba uso wa nchi, kilicho chini yake, mimea inayoota na majengo yaliyojengwa ya kudumu, lakini linaacha nje madini na mafuta. Aliyezaliwa pwani atauliza habari za minazi, maana huko ni kawaida mnazi kuwa wa mtu na kiwanja kuwa cha mwingine. Ni swali zuri, na linakuonyesha kwa nini mila haiwekwi kando katika somo hili.

Zanzibar ina sheria zake, ikiwemo Sheria Namba 12 ya 1992 ya umiliki wa ardhi, kwa hiyo usichanganye. Na ukitumia kesi za Kenya kama mwongozo, kumbuka Katiba yao ya 2010 inagawa ardhi kuwa ya umma, ya jamii na ya binafsi. Maneno "ardhi ya umma" kwao hayana maana ya kwetu.

Swali la pili: haki ya aina gani

Zipo milki mbili kubwa, yaani haki za kuikalia ardhi na kuitumia. Milki ya kupewa hutolewa na Serikali, ina hati, na muda wake hauzidi miaka 99. Milki ya kimila hutoka kwenye mila au hugawiwa na halmashauri ya kijiji, na inaweza kuwa ya muda usio na kikomo. Kosa la wanafunzi wengi ni kudhani ya pili ni dhaifu. Kifungu cha 18 cha Sura ya 114 kinasema wazi kwamba milki ya kimila ina hadhi na nguvu sawa na ya kupewa kwa kila hali.

Hata kabla ya sheria za 1999, Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshalisema hilo kwa nguvu katika *Attorney General v Lohay Akonaay and Joseph Lohay* [1995] TLR 80, hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Nyalali. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya 1992 kufuta haki za kimila kwenye vijiji vilivyoanzishwa. Mahakama ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na mali inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, kwa hiyo haichukuliwi bila fidia ya haki. Hii ni kesi ya kuisoma neno kwa neno. Si ndefu.

Chini ya milki hizo mbili kuna haki ndogo: pango, rehani, njia ya kupita, leseni. Jifunze kila moja kwa kuuliza inatoka kwenye milki ipi na inakufa lini. Haki ndogo haiwezi kuishi kuliko ile iliyoizaa. Mwenye milki iliyobakiza miaka 8 hawezi kukupangisha kwa miaka 20. Hilo ukilielewa, sura nzima ya pango inakuwa nyepesi.

Swali la tatu: ilipatikanaje, na lini

Tengeneza ukurasa mmoja wa tarehe, uubandike ukutani. Usizidishe mistari kumi na mbili. Tarehe 26 Novemba 1895 Wajerumani walitoa tangazo lililoifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya taji. 1923 Waingereza walileta sheria ya ardhi iliyoanzisha milki tunayoitumia hadi leo. 1928 wakaongeza kwenye tafsiri ya milki hiyo watu wanaokalia ardhi kwa mila zao. 1963 umiliki wa kudumu wa kikoloni ukageuzwa kuwa pango la serikali, na 1969 mapango hayo yakageuzwa kuwa milki. Tume ya Rais kuhusu ardhi iliyoongozwa na Profesa Shivji iliteuliwa 1991. Hukumu ya Akonaay ilitolewa Desemba 1994. Sera ya Taifa ya Ardhi ni ya 1995, sheria mbili ni za 1999, mahakama za migogoro ya ardhi 2002, marekebisho makubwa ya rehani 2004 na 2008, na ya mabaraza ya kata 2021.

Kwa nini ubandike? Kwa sababu hukumu ya ardhi bila mwaka wake ni hatari. *Methuselah Paul Nyagwaswa v Christopher Mbote Nyirabu* [1985] TLR 103 ilisema eneo likitangazwa kuwa mji, mwenye haki ya kimila anabaki kama mvamizi. Mwanafunzi anayeinukuu kama sheria ya leo, bila kuuliza imebaki na nini baada ya Akonaay na baada ya 1999, amejenga jibu lote juu ya mchanga. Inukuu, lakini papo hapo eleza kilichotokea baada yake.

Kuhusu namna haki inavyopatikana, mambo mawili huleta makosa mengi kuliko mengine yote.

La kwanza ni mkataba wa kuuza. Kifungu cha 64 cha Sura ya 113 kinataka mkataba wa kuhamisha milki uwe wa maandishi, au uwepo waraka wa maandishi unaoonyesha masharti yake, na usainiwe na yule anayedaiwa kuutekeleza. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa mtaa inaweza kuwa ushahidi mzuri wa mapatano. Mhuri wenyewe hauhamishi milki. Kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho hukamilika kwa Msajili wa Hati. Kijijini uliza kama halmashauri ya kijiji iliidhinisha (Sura ya 114, kifungu cha 30). Na kabla ya yote uliza kama muuzaji alikuwa na cha kuuza, maana asiye na haki hawezi kumpa mwingine haki. Kesi fupi ya kushika hapa ni *Farah Mohamed v Fatuma Abdallah* [1992] TLR 205.

La pili ni ile miaka 12. Kila mtu mtaani anaijua: "Nimekaa hapa zaidi ya miaka kumi na mbili, ni pangu." Sheria ya Ukomo haisemi hivyo. Inasema mwenye haki akikaa miaka 12 bila kudai ardhi yake, mlango wa mahakama unamfungia. Ili mkaaji anufaike, ukaaji wake lazima uwe wa wazi, usiokatika, na bila ruhusa ya mwenyewe. Soma masharti yote katika *Registered Trustees of Holy Spirit Sisters Tanzania v January Kamili Shayo and 136 Others*, Rufaa ya Madai Namba 193 ya 2016. Kisha soma *Maigu E. Magenda v Arbogast Maugo Magenda*, Rufaa ya Madai Namba 218 ya 2017, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema aliyekaribishwa habadiliki kuwa mwenyeji, hata kama amejenga nyumba ya kudumu na analipa kodi ya pango la ardhi kwa jina lake. Swali la kujiuliza si "amekaa muda gani". Ni "aliingiaje". Kama aliingia kwa ruhusa ya mjomba, miaka haihesabiwi mpaka ruhusa iishe.

Kuifupisha kesi: mfano mmoja mpaka mwisho

Kila kesi iingie kwenye kadi ya nusu ukurasa. Sehemu ni tano: tukio, safari ya kesi kutoka mahakama hadi mahakama, swali la kisheria, jibu na sababu yake, na amri iliyotolewa. Wengi huandika tukio kurasa mbili na sababu mstari mmoja. Geuza. Tukio mistari mitano, sababu mistari kumi.

Chukua *Bernardo Ephrahim v Holaria Pastory and Gervazi Kaizilege*, Mahakama Kuu Mwanza, Februari 1990, Jaji Mwalusanya. Tukio: mama wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988 alimuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mwanaume wa ukoo akafungua kesi, akisema kwa kanuni za mila za Wahaya mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza. Safari: Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia, Mahakama ya Wilaya ikampindua, akakata rufaa Mahakama Kuu. Swali: je, kanuni hiyo ya mila inasimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba? Jibu: haisimami, kwa kuwa inabagua kwa jinsia, kinyume cha ibara ya 13.

Wanafunzi wengi huishia hapo. Endelea mpaka kwenye amri, kwa sababu amri ndiyo inayokuonyesha jaji alifanya nini hasa. Rufaa ilitupwa, mauzo yakabaki halali. Lakini jaji alimruhusu mwanaukoo kulikomboa shamba kwa kulipa shilingi 300,000 ndani ya miezi sita. Kwa nini? Kwa sababu mila iliwaruhusu wanaume kuuza, na shamba likiuzwa kwa mtu wa nje bila ridhaa, wanaukoo wangeweza kulikomboa kwa kurudisha bei. Jaji hakuifuta haki ya ukoo. Alimwinua mwanamke akasimama pale alipokuwa amesimama mwanaume, na haki ya kukomboa ikabaki vilevile kwa wote wawili. Mwanafunzi anayeandika kwamba kesi hii "ilifuta mila ya ardhi ya ukoo" hakuifikia amri.

Halafu maliza kadi kwa mstari mmoja wa leo: swali hilohilo likija sasa, kuna kifungu cha 3(2) cha Sura ya 113 kuhusu haki sawa ya mwanamke, na kifungu cha 20(2) cha Sura ya 114 kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu ardhi. Mstari huo wa mwisho hugharimu dakika tano. Kwenye mtihani ndio unaotenganisha jibu la wastani na jibu zuri.

Kadi 25 za namna hii zinatosha kwa mwaka. Kadi 80 ulizonakili kwa mwenzako hazitakusaidia kitu.

Swali la nne, kwa njia ya swali la mtihani

Mume na mke wanaishi Dodoma katika nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili iko Morogoro, imepangishwa. Zote zina hati kwa jina la mume peke yake. Mume amekopa benki kwa rehani ya nyumba ya Morogoro, akaapa kwa maandishi kwamba hana mke. Mkopo umemshinda. Benki imetangaza mnada. Mke anakuja kwako.

Anza na maswali yaleyale. Kundi: nyumba za mjini zenye hati, kwa hiyo ardhi ya jumla, Sura ya 113. Aina: milki ya kupewa, na juu yake rehani. Ilipatikana lini? Swali halikusema kama nyumba ya Morogoro ilijengwa kabla ya ndoa au ndani ya ndoa, wala kwa fedha za nani. Liandike hilo kama pengo, ujibu kwa njia zote mbili. Usilijaze kwa kubuni.

Sasa nani mwingine ana haki. Hapa wanafunzi huandika mara moja: kifungu cha 114, ridhaa ya mke, rehani batili. Subiri. Kifungu cha 114 cha Sura ya 113, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, vinazungumzia nyumba ya ndoa, na nyumba ya ndoa ni ile ambamo mume na mke wanaishi pamoja kwa kawaida. Wao wanaishi Dodoma. Nyumba ya Morogoro ina wapangaji. Hoja ya nyumba ya ndoa ni dhaifu sana hapa, na swali liliandikwa hivyo makusudi.

Njia ya mke ni kifungu cha 161 cha Sura ya 113. Kifungu kidogo cha (2) kinasema ardhi ikiwa kwa jina la mwenza mmoja lakini mwingine amechangia kwa kazi yake katika kuiendeleza au kuitunza, anahesabiwa kuwa na fungu ndani yake. Uliza: alisimamia ujenzi? Alikusanya kodi? Alilea nyumba mume akiwa kazini? Kwa hilo la mwisho shika *Bi Hawa Mohamed v Ally Sefu* [1983] TLR 32, iliyokubali kazi za nyumbani kuwa mchango. Lakini eleza kwamba kesi ile ilihusu mgawanyo wa mali baada ya talaka, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Ndiyo, 114 tena. Vifungu viwili vyenye namba moja katika sheria mbili tofauti, na kila mwaka kuna wanaovichanganya. Andika jina la sheria kila mara unapotaja 114.

Kifungu kidogo cha (3) cha 161 kinaiwekea benki wajibu wa kuulizia habari za mwenza. Benki itajibu kwa kile kiapo cha mume. Pima pande zote: kiapo kinasaidia kuonyesha iliuliza, lakini kama kwenye faili lake kuna fomu ya zamani ya mkopaji huyohuyo inayotaja jina la mke, je, ilichukua hatua za kutosha?

Kisha geukia mnada. Ilani ya kushindwa kulipa ilitolewa, na siku 60 zimepita (Sura ya 113, kifungu cha 127)? Bei ikoje? Kifungu cha 133 kinaitaka benki itafute bei nzuri, na ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya mali za aina hiyo, inadhaniwa imevunja wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Na kama mnada umeshafanyika, mnunuzi analindwa na kifungu cha 135, kwa hiyo mshauri mke awahi mahakamani kabla nyundo haijagonga.

Malizia na mahali pa kushtaki. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya husikiliza madai ya kurejeshewa mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Migogoro ya umiliki hupitia kwake kwanza, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, mdai anaweza kusonga mbele. Jibu linalosema Baraza la Kata litamrudishia mke nyumba yake ni jibu la kabla ya 2021.

Toka darasani

Mambo mawili ya nje yana thamani ya mihadhara mingi. Kwanza, tafuta mtu wa karibu mwenye hatimiliki akuruhusu uisome. Tafuta namba ya hati, kiwanja na kitalu, ukubwa kwa mita za mraba, tarehe ya kuanza na muda, matumizi yaliyoruhusiwa, masharti ya ujenzi, ramani ya upimaji iliyobandikwa nyuma, na sehemu ya maingizo ambako uhamisho, rehani na zuio huandikwa. Angalia kila sharti, kisha litafutie kifungu chake. Ukiona muda wa miaka 33 na tarehe ya 1994, piga hesabu. Hapo ndipo maneno "milki ya muda" yanapokuingia.

Pili, hudhuria siku moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikilizaji uko wazi kwa watu wote. Fika kabla kesi hazijaanza kuitwa, vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma. Chagua kesi moja tu, na uandike majibu ya maswali manne kadiri mashahidi wanavyozungumza. Utaona mashahidi hawasemi "milki ya kimila". Watasema, "shamba hili babu alilifyeka." Kazi yako ni kuitafuta sheria ndani ya sentensi hiyo: alifyeka mwaka gani, pori la nani, kwa idhini ya nani, na nani amelima tangu hapo.

Ratiba na mtihani

Saa sita kwa wiki zinatosha ukizigawa vizuri. Mbili ni za kusoma vifungu vya mada ya wiki kabla ya mhadhara, hata kama huvielewi. Mbili ni za kesi mbili na kadi zake. Moja na nusu ni ya swali moja la mtihani uliopita, kwa kalamu, bila kufungua kitu. Nusu saa iliyobaki linganisha jibu lako na la mwenzako, kwa sababu kosa lako mwenyewe hulioni. Kikundi kisizidi watu wanne. Wakiwa saba, wawili husoma na watano husikiliza.

Swali la dakika 45 ligawe hivi: dakika 8 kusoma na kuchora mstari wa tarehe pembeni, 5 kuandika maswali ya kisheria yanayojitokeza, 27 kuandika, 5 kurudia. Kila hoja iende kwa mwendo huu: kifungu kinasema nini, kesi ilikitafsirije, mambo ya swali hili yanaangukia wapi, basi jibu ni hili. Sehemu ya tatu ndiyo yenye alama nyingi, na ndiyo wanafunzi huipa sentensi moja. Katika zile dakika za kurudia, usihangaike na tahajia. Pitia namba za vifungu na majina ya sheria zake, na uangalie kama kila tarehe uliyopewa kwenye swali umeitumia mahali fulani. Tarehe iliyobaki bila kazi kwa kawaida ni hoja uliyoiacha.